Maharage ya Siku za Maua

...na wamechagua wakati, hilo siwanyimi, wamechagua wakati kama wezi wanavyochagua, maana wanajua, wote wawili wamekulia jikoni humu humu, wanajua mwanamke akishafunga mfuniko wa sufuria ya presha na chupa saba za maharage mabichi ya kuhifadhi kwa majira ya baridi ziko ndani hatoki mbele ya jiko hata sebule ishike moto, mshale wa presha unatakiwa usimame kwenye kumi na moja, ukishuka kidogo tu unaanza kuhesabu muda upya kana kwamba hukuwa umepika kitu, ukipanda mno utaokota vioo darini, kwa hiyo mimi hapa, mkono kwenye swichi ya jiko, macho kwenye mshale, mguu wa kulia unawaka kuanzia gotini, na wao wako pale sebuleni na mlango wazi, hata kuusukuma hawakuona haja, Garnett mwanangu wa kwanza na Rhonda kitinda mimba wangu, wananijadili kama mimi ni kochi la marehemu, libaki au litolewe nje, na katikati yao, kwenye kikapu chake, amelala yule mgeni ambaye hakuna aliyemwalika, mtoto wa Rhonda, hajamaliza hata miezi miwili duniani na tayari ameshaitisha kikao cha ukoo... Mama hawezi, anasema Garnett, kwa ile sauti yake ya mkutano wa kanisa, Mama ana miaka sabini na tatu, Rhonda, hebu kuwa mtu mzima, Mama anashindwa hata kuinama kuokota kijiko... uongo, kijiko cha juzi nilikiacha pale chini makusudi nione kama yeye atakiokota, hakukiokota, alikiruka, mtu wa miaka hamsini na mbili anaruka kijiko kama mbuzi anavyoruka mfereji, halafu anakwenda kutangaza kwamba mama yake hawezi kuinama.

Lakini sawa, tuseme kweli, humu kichwani hakuna anayenisikia, kweli ni kwamba hata mimi nilikuwa nimeshaamua kukataa, tangu juzi Rhonda aliponipigia simu na kusema Mama nakuja Ijumaa tuongee, nikajua anakuja na nini, likizo yake ya uzazi inaisha, Jumatatu anatakiwa kazini, mume wake Dwight yuko barabarani na lile lori, leo Tennessee kesho Texas, na kituo cha kulelea watoto katika wilaya hii nzima ni kimoja na foleni yake ni ndefu kuliko mimba yenyewe, kwa hiyo anakuja kwa nani, anakuja kwa Mama, kila kitu kikikosa mahali kinaletwa kwa Mama, mbwa wa Garnett aliletwa kwa Mama, na mimi nikapanga maneno yangu kabisa, nikayarudia pale barazani nikitoa nyuzi kwenye maharage, Rhonda mwanangu, nimelea wanne, nimemuuguza baba yenu miaka minane na mapafu yake yaliyojaa vumbi la makaa ya mawe, nimelala nimekaa kwenye kiti ili nisikie kama bado anavuta pumzi, zamu yangu imekwisha, hata mgodini zamu ikiisha mtu anatoka shimoni, mwenzake anaingia, yeye anaoga anakula analala na hakuna anayemwita mvivu, hayo ndiyo maneno, na niliyaona mazuri, niliyasema mpaka kuku wakaacha kudonoa wakanitazama... maana kuna jambo hawa wawili wanalijua na hawataki kulijua, kwamba tangu majira ya kuchipua mimi nina leseni ya kuendesha gari, eh, mimi, zaidi ya miaka hamsini Hobart alikuwa akiendesha yeye na mimi nakaa upande wangu na mkoba magotini kama kifurushi cha posta, alipokufa mwaka jana majani yakipukutika ile pikapu ikabaki pale uani, Garnett akasema nitaiuza, nikamwambia iguse uone, nikaenda kwa Vesta jirani yangu nikasema nifundishe, na Vesta mwenyewe anaendesha kama mtu anayekimbizwa na polisi, lakini akanifundisha, mtihani wa kwanza nikaanguka kwa sababu ya yule kijana mpimaji, kila neno bibi, bibi punguza, bibi simama, bibi huo ni mti, mara ya pili nikapita, na sasa kila Jumatano nashuka na pikapu yangu mpaka mjini, naegesha penye nafasi mbili ili nisisumbuane na mtu, nakaa kwenye kaunta ya mgahawa peke yangu, nakula hambaga, na hakuna anayeniomba amege kidogo, miaka sabini na tatu ndiyo kwanza nakula chakula kikiwa cha moto mpaka tonge la mwisho bila mtu kunivuta gauni, halafu leo niitoe Jumatano yangu kwa mtu anayeitwa Ridge, eti Ridge, mgongo wa mlima, kana kwamba hapa mashariki mwa Kentucky tuna upungufu wa migongo ya milima, fungua dirisha tu unayo kumi, kwa nini wasimwite Bonde, kwa nini wasimwite Daraja, nilimuuliza Rhonda, akasema Mama hilo ni jina la kisasa, nikasema la kisasa kweli, maana wazee wetu hawakufikia kiwango hicho, akanuna wiki nzima...

Mshale. Kumi na moja na unywele. Punguza kidogo, hapo, hapo hapo, usiguse tena.

...na wodi ya wazazi ya hospitali yetu ndiyo hivyo, wameifunga, wale wakubwa wenye suti waliandika gazetini kwamba uzazi haulipi, uzazi haulipi, mtu amesoma mpaka chuo kikuu ili aje aandike sentensi hiyo, kwa hiyo Rhonda na miaka yake arobaini na mitano alijifungulia mji wa mbali, Dwight yuko Texas, mimi nimeshika mkono wa Rhonda ndani ya gari la Vesta linalopita kona za mlimani kama limelewa, na kabla ya hapo miezi saba mizima alikuwa hajui, anadhani ni ule umri wa wanawake, Mama naona joto, Mama naona uzito, Mama nimenuna bure tu leo, nikamwambia ndiyo mwili unafunga duka mwanangu, zoea, kumbe duka linafungua tawi jipya, akaenda kupimwa mawe ya nyongo wakamwonyesha kichwa cha mtu kwenye skrini, na watoto wake wakubwa wameshaondoka, mmoja jeshini, mwingine ana digrii yake ya mambo ya mazingira anapanga makopo dukani kule Lexington, makopo yanapangwa kimazingira sana sasa, na Rhonda mwenyewe usiku kucha anageuza wazee wa watu vitandani kwenye nyumba ya wazee, mgongo umekwisha, akasema Mama nifanye nini, ilikuwa mwanzoni mwa Mei, naikumbuka simu hiyo, sikio moja liko kwa Rhonda anayelia, jicho liko ukutani kwenye kalenda ya kampuni ya mazishi, ile wanayotugawia kila mwaka bure kana kwamba tutasahau wanakokaa, yenye picha ya mtu aliyechorwa ishara za nyota mwilini, inakuambia leo ishara ziko kichwani, leo ziko magotini, na maharage unayapanda ishara zikiwa mikononi, hilo hata mjinga analijua, na hupandi kamwe siku za maua, ukipanda siku za maua utavuna maua, shamba litapendeza kama harusi na sufuria italala njaa, mimi nikatazama nikaona mikononi, nikamwambia Rhonda nyamaza, tutajua la kufanya, nikakata simu, nikachukua jembe kwa hasira zangu zote nikapanda shamba zima siku hiyo hiyo mpaka jua likazama... na niliyoitazama ilikuwa Aprili, kalenda ilikuwa bado imekaa Aprili, sikuwa nimegeuza ukurasa, miaka yote aliyekuwa akigeuza ni Hobart, mimi mpaka leo nasahau, siku yenyewe ilikuwa ya maua tupu, katikati kabisa ya maua, Vesta akaja kesho yake kwenye uzio akaona mistari yangu akashika kiuno, Delphia, we Delphia, umepanda jana? nikasema nimepanda, akasema jana! akacheka mpaka akashika nguzo, mwaka huu utatualika tuje tule maua na chumvi, nikamwambia Vesta ukimwambia mtu nitaeleza kanisani nywele zako zinatoka dukani gani, akaapa, na akamwambia kila mtu.

Na yakazaa. Ndiyo ninayoyaona hapa, mwisho wa Agosti na bado yanazaa, sijawahi, mama yangu hakuwahi, mashina yake mtu angesema yamelipwa, nachuma asubuhi jioni yamejaa tena, nimefunga chupa mpaka vifuniko vimekwisha madukani, nimewapa majirani, nimewapa kanisa, mchungaji akiniona nimebeba ndoo anatokea mlango wa nyuma, Vesta haji tena kwenye uzio, na mtu akiniuliza ulipanda siku gani nasema nimesahau, nitasemaje, mimi Delphia niliyewafundisha nusu ya wanawake wa bonde hili kusoma ishara... na sitaki kumfananisha mtu na maharage, nisije nikaanza kuzungumza kama kadi ya maua, mtoto ni mtoto, maharage hayaamki saa nane usiku kutaka kunyonya.

Wanasema nini, wamepunguza sauti, Garnett akipunguza sauti ndiyo unamsikia vizuri zaidi... Charlene ana vyumba vinne, anasema, uwanja una uzio, mume wake ana kazi ya maana, na hawana mtoto, Rhonda, fikiria, ni dada wa Dwight, si mtu baki, Jumapili anapita hapa, anamchukua mtoto, Dayton si mwisho wa dunia... Rhonda anasema kitu, sikisikii, pua imeziba... na Garnett, hata huko Ohio watu wanaishi, Rhonda, ni kwa muda tu, mpaka mambo yakae sawa.

Mpaka mambo yakae sawa.

Ngoja. Shika swichi, Delphia. Mshale uko pale, wewe ndiye umetikisika, sio mshale... mpaka mambo yakae sawa, amelitoa wapi neno hilo, mimi sikumfundisha, sikuwahi kulitamka ndani ya nyumba hii, Shangazi Ora ndiye aliyelisema, amesimama pale kizingitini kwa mama yangu na kofia yenye manyoya, nje gari lake lina redio, watoto wote wa bonde wamelizunguka gari wanasikiliza, Mama yetu amelazwa kule kwa wagonjwa wa kifua, Baba yuko shimoni, mimi nina miaka saba na mdogo wangu Estill ana minne, Shangazi Ora akasema nampeleka Ohio kwa baridi hii moja tu, mpaka mambo yakae sawa, nikamfunga Estill viatu, akaniuliza Delphie na wewe unakuja, nikasema wewe tangulia, akapanda gari anachekelea redio, hata mkono hakupunga, alikuwa anatafuta mtu anayeimba amekaa wapi... Mama akarudi theluji ikiyeyuka, amepona, amekonda kama fagio, akauliza yuko wapi, wakamwambia amezoea huko, mwache amalize mwaka, ana baiskeli, mwaka ukazaa mwaka, nauli hamna, siku hamna, Shangazi anaandika ana meno mazuri, anasoma vizuri, na mambo yalikuwa yameshakaa sawa siku nyingi, hapa nyumbani yalikuwa sawa kabisa, kitanda chake kimetandikwa, lakini hakuna anayekuja kukuambia haya sasa yamekaa sawa, njoo umchukue... na Estill alikuja, ana miaka kumi na tisa, suti ya kijivu, akampa Mama mkono, mkono, akamwambia habari yako bibi, kwa heshima zote, kama unavyomsalimu mwenye duka, Mama alikuwa amempikia maharage na mkate wa mahindi kwenye kikaango cha chuma, alikula vizuri, kila kitu asante, chumvi asante, maji asante, mtoto wa nyumbani hasemi asante kwa chumvi, anaivuta, na alipomaliza akakunja kitambaa pembe nne, akatazama saa, na alipoondoka Mama hakuiosha ile sahani, aliketi nayo, giza lilipoingia nikaitoa mikononi mwake nikaosha mimi... Ohio imekula watu wetu kuliko mgodi, ila mgodi ulikuwa unarudisha maiti mapema, wanaoenda Ohio wanarudi na maua mara moja kwa mwaka tunaposafisha makaburi, wanasimama pale juu na viatu vyao vizuri wanauliza hivi huyu alikuwa nani kwetu, halafu siku moja wanarudi wenyewe ndani ya jeneza, Estill alirudi hivyo, yuko pale juu mlimani sasa, amelala pembeni mwa Mama, ndiyo wamekaa pamoja.

Nani anasema, Rhonda, amepandisha sauti... unadhani nataka kumpa Charlene? Nampa kwa sababu sitaki kumwomba Mama! Wewe unasema hawezi, hawezi, kwani hoja ni kuweza? Ametulea sisi, amemuuguza Baba, amemlea na mbwa wako, Garnett... mbwa usimwingize humu... namwingiza! Kuna mtu yeyote ameshawahi kumuuliza Mama anataka nini? Mtu mmoja? Mimi sitakuwa wa kumi kumtwisha... na mimi hapa nimesimama kama niliyemwagiwa maji, maana maneno yangu yote mazuri niliyoyapanga na kuku kama mashahidi, nilimpangia mwanamke anayekuja kuniomba, na huyu hakuja kuniomba, amekuja kuniaga, amekuja kunionyesha mtoto kabla hajaondoka ili niseme kwaheri vizuri, na kule kukataa kwangu hakuna pa kuangukia, nimejitayarisha kusukuma mlango na mlango uko wazi... nataka nini, swali gani hilo, nataka nini, ni kama kuulizwa bei ya nyumba yako mwenyewe, hujui, hukuwahi kuuza... nataka Jumatano yangu. Nataka kulala. Goti likae kimya, nataka hilo. Na nataka... leo asubuhi, walipofika tu, Rhonda akaniwekea mikononi akaenda kutoa begi, yule Ridge akafungua macho, akanitazama, hakulia, akakunja uso polepole, akanitazama vile fundi anavyotazama injini iliyoharibiwa na fundi mwingine, hivi hapa tuanzie wapi, na nikacheka, nilicheka mpaka nikatafuta kiti, Rhonda akarudi mbio akidhani nimepatwa na kitu, na ndiyo nilikuwa nimepatwa, sikuwa nimecheka hivyo tangu tulipomzika Hobart, na kabla ya hapo tangu lini, nisiseme uongo, kicheko kile nakitaka, nakitaka pamoja na hambaga, na nani amesema lazima nichague, Garnett? Garnett ambaye tangu mgodi ufungwe amekaa nyumbani anabishana na televisheni, mke wake anapikia watoto wa shule asubuhi yeye anatembeza mgongo wake kwa madaktari, mikono ile imelala miaka minne sasa, mikono mikubwa kama makoleo, haijawahi kushika mtoto kwa sababu Mungu hakuwapa, na hakuna anayelisema hilo mezani, na ndiye huyu anayejua sana nani anaweza na nani hawezi.

Basi. Sasa nitasema mimi. Mshale ukiniruhusu nitavua aproni, nitakwenda pale sebuleni, nitakaa kwenye kiti cha Hobart ambacho hakuna anayekikalia, na nitasema hivi, Rhonda, huniagi na hunitwishi, unahamia, ile nyumba ya bati mnayoilipia kodi irudisheni kwa mwenyewe, chumba cha juu ni kikavu, Dwight akitoka barabarani atalala humo humo na atarekebisha ngazi, usiku ukiwa kazini mtoto yuko na mimi, asubuhi ukirudi unalala mpaka mchana na mimi nipo, kisha unaamka na mimi ndiyo ninalala, kama shimoni, zamu, anayetoka anatoka, na nikichoka nitasema nimechoka, kwa sauti, mtazoea, na Jumatano ni yako, Garnett, utakuja asubuhi umenyoa ndevu, utakaa na mtoto mpaka nirudi, hutauliza nimekwenda wapi, na ukileta televisheni zako mtoto huyu hatabishana na wewe, atakutapikia, na Charlene Jumapili aje, karibu sana, ni dada wa Dwight, ni mtu mzuri, hana kosa, atakula ashibe, ataimbiwa na kuombewa, na tutampakilia maharage kwenye buti mpaka gari likae chini, na likiisha hilo mtu asiniulize tena kama ninaweza, siwezi, nani anaweza, Mama yangu alikuwa anaweza? ulimwengu huu ungesubiri wanaoweza tungekuwa bado hatujazaliwa... na jina, jina hilo sitalipenda, nitaliita, lakini sitalipenda, nikisema Ridge nitakuwa nimefunga jicho moja.

Mlango wa nje umelia. Ni Rhonda, hatua zake hizo kwenye mbao za baraza, ametoka, akikasirika lazima atoke nje akatazame gari lake kama litampa ushauri, ni mimi mtupu huyo... kwa hiyo sebuleni amebaki Garnett, na kikapu, na kimya, na sasa, ehe, nilijua, ile sauti ndogo kwanza kama bawaba, halafu ya pili, halafu pafu zima, uuuwi, mtoto ana pafu huyu, haya ndiyo mapafu yasiyojua vumbi... Mama! ...namsikia. Mama, anaamka! ...Namsikia, Garnett, mimi si kiziwi. Mama, analia! Rhonda katoka! Njoo! ...Siwezi kutoka, niko na sufuria.

Na hapo naiona. Swichi iko chini ya vidole vyangu, naweza kuizima sasa hivi, chupa saba tu, na nani duniani anayehitaji chupa saba zaidi za maharage, mchungaji? nizime, niende, nimchukue yule mtoto, niweke begani, nyumba inyamaze, ndivyo nilivyofanya maisha yangu yote, mtu akilia naacha kilicho mkononi, chakula changu kinapoa, na huyu mwanamume wa miaka hamsini na mbili atasogea pembeni ashushe pumzi na kesho atakuwa na ushahidi, Mama alikimbia, Mama alihema, Mama hawezi... miguu yenyewe imeshageuka, naiona, viatu vinatazama mlangoni, vimezoea... rudini. Rudini hapa. Nasimama. Nasimama kwa hiari yangu, si sufuria iliyonifunga, mtoto atalia kidogo, hajavunjika, ana mjomba wake pale, na mjomba naye hajavunjika.

Mama, nifanye nini? ...Mtoe kikapuni. Nimtoe vipi? ...Kama unavyotoa kitu usichotaka kivunjike, Garnett, ulikuwa unabeba baruti shimoni, mtoto atakushinda? Kichwa kinalegea! ...Mkono nyuma ya shingo. Nimeweka! ...Ule mwingine, chini, kwenye makalio. Ana maji huku, Mama! ...Ndiyo, wana maji, hata wewe ulikuwa nayo mpaka karibu uanze shule... Mama, usiseme hayo kwa sauti... begani, mweke begani, kofia vua, ukingo utamchoma jicho. Nimevua. Sasa tembea. Nitembee kwenda wapi? ...Popote, Garnett, hana miadi.

Anatembea. Mbao zinapiga kelele chini ya yale mabuti, huku, kule, huku, na kilio kinapanda kwanza, kinakatika, kinaanza tena bila moyo, na Garnett anasema kitu, si kwangu, sauti ya chini kabisa, sauti ambayo sijawahi kuisikia, nimemzaa na sijawahi kuisikia, haya bwana mdogo, haya, usinikunjie uso, mimi ndiye mjomba wako, hiyo ndiyo sura yangu, hakuna nyingine... na mwanzoni nadhani anakohoa, kumbe anacheka.

Mshale kumi na moja, goti linawaka, chupa zinagongana humo ndani taratibu, baraza kimya, Rhonda bado yuko na gari lake.

Mama, ananong'ona sasa, kama mtu aliye kanisani, Mama, ametulia. Nimekaa naye kwenye kiti. Nimshike hivi mpaka lini? ...Mpaka alale. Na akilala? ...Akilala ndiyo usithubutu kusogea.

Kiti kimelia mara moja, halafu hakikulia tena.